Fleti Katikati ya Nyumba za Familia Moja

Vikundi vinavyoweka akiba ili vinunue ploti mjini hutuuliza hivi: ardhi ikishakuwa yetu, jirani ana haki gani ya kutuzuia tusijenge fleti? Swali ni zuri, tena lina pesa za watu ndani yake. Tutazame Nairobi.

Wakati wa ukoloni mji ule uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa magharibi, ploti kubwa, nyumba moja moja. Wahindi wengi walikuwa Parklands na Ngara. Mwafrika aliwekwa mashariki, Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni, akabanwa chumba kidogo. Uhuru ulipokuja 1963 ubaguzi uliondoka, lakini ukubwa wa ploti ulibaki. Karen na Runda hadi leo sehemu kubwa ni nyumba moja kwa ploti. Kileleshwa na Kilimani nyumba nyingi za zamani zimebomolewa na fleti zimesimama.

Wenyeji wanaopinga husema gorofa zitaziba jua, magari yatajaa, utulivu utakwisha. Kwa maoni yetu hoja nzito kuliko hizo ni choo. Pigeni hesabu. Familia ya watu 5, kila mmoja akitumia mitungi 2 ya lita 20 kwa siku, ni lita 200. Wekeni fleti 16 kwenye ploti hiyo hiyo, ni lita 3,200, na mengi ya maji hayo hurudi yakiwa maji taka. Yatapita wapi ikiwa bomba ni lile la zamani, au hakuna bomba kabisa ila shimo la choo uani?

Upande wa pili nao una lake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Mama anayefua nguo Lavington hulala Kawangware. Mtaa mzuri ukikataza nyumba nyingi, watu hawapotei, wanasongamana kwingine ambako huduma ni haba zaidi. Hapo tunakubaliana nao, ingawa tusidanganyane, fleti mpya za Kileleshwa kodi yake mama huyo haiwezi. Sisi twaona kwamba kukataa fleti eti kwa sababu ya hadhi ya mtaa ni kuendeleza ule ua wa mkoloni. Kukataa kwa sababu ya bomba ni jambo lingine, nalo lina dawa: bomba litangulie, gorofa zifuate.

Sasa mnaotaka kununua. Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, lazima mpate kibali cha kaunti kabla ya kujenga. Kutoa ploti kwenye nyumba moja na kuifanya ya fleti ni kubadilisha matumizi ya ardhi, na umma hujulishwa. Asiyeridhika na uamuzi, awe ni nyinyi au jirani, ana siku 14 za kukata rufani kwa kamati ya kaunti.

Kwa hivyo msilipe hata dipositi kabla ya kufika ofisi ya mipango na kuuliza ni gorofa ngapi zinaruhusiwa pale, na kama bomba la maji taka lipo. Hati yenyewe pia isomeni yote, kwani zingine zina sharti la nyumba moja tu. Dalali akiwaambia hapo mnaweza kujenga chochote, mwambieni aandike na kutia sahihi.