Ndege wa Pugu na Kunduchi: Safari ya Kutazama na Kuhesabu

Mkazi wa Dar es Salaam atajiwapo safari ya kutazama wanyama, mawazo yake huenda moja kwa moja Serengeti, Ngorongoro au Mikumi. Ni wachache wakumbukao kwamba pembezoni mwa jiji lenyewe, mahali panapofikika kwa daladala, pana msitu wa asili na pana fukwe ambazo kila mwaka hupokea wageni kutoka Siberia na Ghuba ya Uajemi. Wageni hao ni ndege. Makala haya yanaeleza mambo yatazamwayo katika safari ya kuongozwa kwenye misitu na fukwe hizo, sababu ya safari kupangwa kwa kufuata mwezi, na thamani ya daftari ambalo kiongozi wa safari hulibeba mfukoni.

Vilima na pwani

Vilima vya Pugu viko yapata kilometa 25 kusini-magharibi ya kitovu cha jiji, kuelekea Kisarawe. Humo mna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo sasa inahifadhiwa kama msitu wa mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivyo, ukapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Mto Kizinga nao huteremka kutoka upande huo kuelekea Temeke, ukamwaga maji yake katika hori ya Mtoni yenye mikoko. Kwa hiyo msitu na pwani, ambavyo katika safari hutazamwa kwa siku mbili tofauti, ni ncha mbili za mfumo mmoja wa maji. Mvua inyeshayo juu ya miti ya Pugu ndiyo huleta tope na rutuba kwenye mikoko ya Mtoni.

Masikio kabla ya macho

Safari ya msituni huanza alfajiri, kabla jua halijachomoza. Saa hiyo hewa imetulia na sauti husafiri mbali. Tena mwanga bado ni hafifu mno kwa ndege kuwatafuta wadudu majanini. Hivyo huutumia muda huo kutangaza mipaka ya makazi yake kwa kuimba. Katika msitu mzito mtu asiyezoea huona majani matupu, lakini kiongozi mwenye uzoefu huweza kutaja ndege wengi kabla hajainua darubini hata mara moja. Yeye hutambua kila ndege kwa sauti yake, kama vile mtu amtambuavyo jirani kwa kikohozi chake nyuma ya ukuta.

Jua lipandapo, nyimbo hupungua na ndege huanza kutembea kwa makundi mchanganyiko. Kundi moja laweza kuwa na aina nyingi: mmoja hupekua magome, mwingine hunasa wadudu warukao, wa tatu hufukua majani makavu chini. Kwa kuwa chakula chao si kimoja, hawagombani sana; na kwa kuwa macho ni mengi, mwewe hugunduliwa mapema. Ndiyo maana mgeni aweza kutembea nusu saa bila kuona kitu, kisha ghafla akazungukwa na ndege pande zote.

Ndege wawili wanatosha kuonyesha tabia ya msitu huu. Wa kwanza ni hondohondo, ndege mkubwa mwenye mdomo mnene ambaye mlio wake hufanana na kilio cha mtoto mchanga. Jike huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa udongo na kinyesi mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Hukaa humo akiatamia mayai na kulea makinda, huku dume akimlisha kupitia ufa huo. Nje ya msimu wa kuzaa, hondohondo humeza matunda ya msituni na kuzitupa mbegu mbali na mti mama. Hivyo hupanda miti bila kujua.

Ndege wa pili ni mdogo, wa jamii ya kurumbiza, ajulikanaye katika sayansi kwa jina la Sheppardia gunningi. Huishi katika vichaka vya chini vya misitu ya pwani kuanzia Kenya hadi Msumbiji, ambako hutafuta wadudu karibu na ardhi penye kivuli. Ndege wa namna hii hakubali kwa urahisi kuvuka uwanda ulio wazi. Msitu ukikatwa vipande, kila kipande huwa kama kisiwa kwake, na mashamba na nyumba huwa bahari asiyoweza kuivuka.

Hapa ndipo mtazamaji anapopata somo la kwanza. Mchoma mkaa hachagui miti ovyo. Hupenda ile mikubwa, na hiyo ndiyo yenye matundu. Msitu waweza kuonekana wa kijani kibichi kutoka barabarani, ilhali nafasi za hondohondo kuzalia zimekwisha. Jicho la mpita njia haliwezi kugundua jambo hilo. Daftari la mtu anayehesabu kila mwaka huweza.

Wasafiri wa usiku

Si ndege wote wa Pugu walio wakazi wa kudumu. Yupo pita wa Afrika, Pitta angolensis, ndege wa ardhini mwenye tumbo jekundu na mabawa yenye madoa ya buluu ing'aayo. Huzaa wakati wa mvua katika nchi za kusini zaidi, ikiwemo Tanzania ya kusini, kisha msimu wa kusi unapoanza husogea kaskazini na kukaa katika misitu ya pwani. Safari yake huifanya usiku. Taa za majengo humpoteza, naye hugonga kuta na madirisha. Mara nyingine wenye nyumba humwokota asubuhi wasijue ametoka wapi. Kwa ndege wa namna hii, kila kipande cha msitu kilichobaki kandokando ya jiji ni kituo cha kupumzikia, na msafiri asiyekuta kituo hulazimika kuendelea akiwa hana nguvu.

Saa ya maji

Siku ya pili ya safari ni ya pwani, na mpango wake hutegemea bahari zaidi ya jua. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati yake huwapo maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Katika pwani ya Dar es Salaam siku za bamvua maji huwa yamejaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na yamekupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Wavuvi na akina mama waokotao chaza wanaijua ratiba hii tangu utotoni. Ndege nao wanaifuata.

Maji yakipwa, ndege hutawanyika juu ya tope na mchanga kwa kilometa nyingi. Kila aina ina chombo chake. Vitwitwi wenye midomo mifupi huokota viumbe vya juu ya tope. Sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda huchomoa kaa kutoka mashimoni. Kwa kuwa chakula kimefunikwa na maji nusu ya wakati, ndege hawa hula mchana na hata usiku, mradi maji yamekupwa.

Kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo, Calidris ferruginea, huzaa katika nyika baridi za kaskazini mwa Siberia. Kati ya huko na Kunduchi ni zaidi ya kilometa 9,000. Ndege huyu ana uzito wa gramu 55 hivi, karibu sawa na yai la kuku. Kabla ya kurudi kwao, mnamo Machi na Aprili, hula kwa bidii akajaza mafuta mwilini, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo akiba yake ya njiani. Mtu au mbwa akimkurupusha ovyo, huchoma sehemu ya akiba hiyo bure. Ndiyo sababu kiongozi mwema huwazuia wageni wake wasiwakaribie ndege ili kupata picha.

Mgeni mwingine anahusiana na historia ya pwani yetu. Ni ndege mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi. Huzaa Oman na kwingineko kandokando ya Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja Afrika Mashariki, njia ile ile iliyopitwa na majahazi ya zamani. Hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani. Humo joto hukaa karibu na nyuzi 35 za Sentigredi, hata mzazi hana haja ya kuliatamia muda wote. Mchanga uliopashwa na jua humsaidia kazi. Kinda huja na wazazi wake hadi pwani yetu, na aweza kuonekana akiomba chakula hapa hapa.

Mabwawa ya chumvi

Je, maji yakijaa, maelfu ya ndege hao huenda wapi? Hawawezi kuelea baharini kama bata, wala hawapendi kukaa mitini ambako hawamwoni adui. Huhitaji mahali pa wazi, pakavu au penye maji ya kina kifupi, karibu na malisho yao. Kunduchi mahali hapo ni mabwawa ya chumvi.

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Mtengeneza chumvi huyaingiza katika mabwawa yenye kina kifupi, akayapitisha kutoka bwawa moja hadi jingine huku jua likiyakausha, mpaka chumvi iganduke. Mabwawa ya namna hii kwa kawaida huchimbwa kwa kukata mikoko, na hasara hiyo ni ya kweli. Hata hivyo yamekuwa pia maskani ya ndege wakati wa maji kujaa, na baadhi yao hupata chakula humo.

Somo la pili linafanana na la kwanza. Mabwawa yakifukiwa ili zijengwe nyumba, tope la ufukweni litabaki kama lilivyokuwa, na kaa wataendelea kuwamo. Lakini ndege asiye na mahali pa kusubiri maji yapwe hawezi kula pale. Atalazimika kuruka mbali mara mbili kwa siku, au ahame. Ufukwe utabaki na chakula kisicholiwa, na mtazamaji asiye na kumbukumbu atadhani ndivyo ulivyokuwa siku zote.

Namna ya kuhesabu

Hesabu bora hufanywa alasiri ya siku za bamvua, maji yanapokaribia kujaa, kwa sababu wakati huo ndege wamebanwa pamoja. Atazamaye upande wa bahari huwa jua liko nyuma yake, hivyo rangi huonekana vizuri. Kundi dogo huhesabiwa mmoja mmoja. Kundi kubwa hukadiriwa: huhesabiwa kumi, huangaliwa wanachukua nafasi gani, kisha nafasi hiyo hupimwa mara ngapi inaingia katika kundi zima. Watu wawili huhesabu bila kuambiana, kisha hulinganisha. Huandikwa tarehe, saa, hali ya maji, mahali na idadi. Na asiyetambuliwa huandikwa kuwa hakutambuliwa.

Hesabu hizo hazikai bure. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, ifanywayo kila Januari, ilianza mwaka 1967, na mpango wake wa Afrika ukaanza mwaka 1991. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2000. Kwa vigezo vya mkataba huo, mahali pakiwa na kawaida ya kubeba asilimia 1 ya ndege wote wa aina moja, huhesabiwa kuwa na umuhimu wa kimataifa. Ndege mla kaa hukadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000 duniani kote. Kwa hiyo kundi la 600 hadi 800 kwenye ufukwe mmoja si jambo dogo. Lakini hoja hiyo haiwezi kutolewa mbele ya mpimaji wa viwanja ikiwa hakuna aliyehesabu.

Jiji linalokua

Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilikuta 5,383,728. Watu hao wanahitaji nyumba, nishati ya kupikia na maji, na hakuna mwanasayansi mwenye busara atakayewaambia wasubiri kwa ajili ya ndege. Kinachowezekana ni kuchagua kwa kujua. Msitu wa Pugu hulinda chanzo cha mito; mikoko huvunja nguvu ya mawimbi na kulea samaki na kamba. Ndege ni dalili ionekanayo mapema kwamba kazi hizo zinaendelea au zimeanza kukwama.

Dalili hiyo yapasa isomwe kwa uangalifu, kwa maana wingi wa ndege peke yake si afya. Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, amejaa Kinondoni na Temeke kwa sababu ya taka zetu, naye hula mayai na makinda ya ndege wenyeji. Jiji lenye kunguru wengi na ndege wengine wachache linaeleza habari zake lenyewe.

Vifaa vya kazi hii ni darubini moja, daftari, kalamu na jedwali la maji. Shule ya sekondari iliyo karibu na Kunduchi au Mtoni ingeweza kuchagua bwawa moja au hori moja, ikawahesabu ndege wake kila Januari, siku ya bamvua, saa kumi alasiri, na kuhifadhi madaftari hayo kwa mpangilio. Mwaka wa kwanza hesabu hiyo haitasema mengi. Mwaka wa kumi itakuwa imepata la kuwaambia wapanga mji, na wanafunzi walioianza watakuwa watu wazima wenye haki ya kuuliza.