Hita ya Gari Ifakara ni ya Nini?



Katika kikao kimoja cha bajeti ya mradi, mjumbe wa kamati alinyoosha mkono akauliza: "Ndugu Mratibu, hapa umeandika matengenezo ya hita ya gari. Hita Ifakara ni ya nini? Joto si tunalo la bure?" Watu walicheka, na mimi nilicheka pia. Hata hivyo swali lilikuwa la haki. Fedha za mradi ni sadaka za washirika na michango ya wafadhili, na anayetoa anastahili kujua kila shilingi inakwenda wapi. Siku ile nilijibu kwa kifupi kwa sababu ya muda. Makala hii ndiyo jibu kamili.

YALIYOTUPATA NJIANI

Gari la mradi ni Land Cruiser la siku nyingi. Miaka kadhaa iliyopita mpira mmoja wa hita ulianza kuvuja. Fundi aliyelitazama hakubadilisha mpira. Alikata mipira yote miwili, akaiunganisha yenyewe kwa yenyewe ili maji yasipite tena ndani ya hita, akasema, "Huku kwetu haina kazi." Tulimlipa na kumshukuru. Hakuna aliyeandika jambo hilo kwenye daftari la gari, nami nikiwemo.

Mwezi Machi mwaka uliofuata tulikuwa tunarudi Ifakara kutoka upande wa Mlimba, jioni, mvua ikinyesha. Karibu na Mngeta gari lilinasa kwenye tope na wote tulishuka kusukuma. Tuliporudi ndani tulikuwa watu saba tumelowa, madirisha yamefungwa. Haikuchukua dakika tano kioo cha mbele kikawa cheupe. Dereva alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine anafuta kioo kwa kitambaa. Kila akifuta, ukungu unarudi. Kabla ya kufika Mbingu mtu akapiga kelele, dereva akakanyaga breki. Mbele yetu, hatua chache tu, palikuwa na kijana na baiskeli yake iliyobeba gunia la mpunga. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini yule kijana alikuwa barabarani muda wote, na sisi hatukumwona.

Tangu siku ile sijachukulia hita kuwa anasa.

KWA NINI KIOO KINASHIKA UKUNGU

Hewa hubeba maji tusiyoyaona. Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi: mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke, lakini ikishuka hadi nyuzi 20 inabaki na uwezo wa kubeba gramu 17 tu. Kinachozidi kinageuka kuwa matone.

Ndani ya gari wakati wa mvua, pumzi za abiria na nguo zilizolowa hujaza hewa mvuke. Nje, mvua inapoza kioo. Hewa ya ndani ikigusa kioo hicho inaangusha maji yake pale pale. Kwa hiyo si lazima kuwe na baridi kali ili kioo kishike ukungu. Kilombero, bonde la mpunga na mito, lina unyevu wa kutosha kuleta shida hiyo kila masika.

Dawa yake ni kupuliza kwenye kioo hewa ya moto na kavu. Hewa hiyo hupasha kioo na kuyabeba yale maji. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya hita katika gari letu si kumpasha abiria joto. Kazi yake ni kumwezesha dereva kuona.

Tena gari letu halikai bondeni tu. Tangu Daraja la Magufuli lizinduliwe mwaka 2018, halisubiri tena kivuko kuvuka Mto Kilombero, nalo hupanda milima ya Mahenge hata katika mvua. Na mikutano hutupeleka Iringa na Njombe, ambako mwezi Juni na Julai ukungu hufunika barabara na asubuhi huwa na baridi ya kweli. Ifakara iko takriban mita 250 tu juu ya usawa wa bahari. Njombe iko karibu na mita 2,000. Gari ni lile lile.

HITA INAVYOFANYA KAZI

Hita haina moto wake. Inatumia joto la injini ambalo vinginevyo lingepotea. Maji yanayopoza injini hupita pia katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Mpira mmoja unaingiza maji ya moto na mwingine unayarudisha. Feni inapuliza hewa kupitia rejeta hiyo, na mlango mdogo ndani ya dashibodi unaielekeza hewa kwenye kioo, usoni au miguuni.

Hapa ndipo penye jambo ninaloomba kila kamati ilishike: maji ya hita na maji ya injini ni maji yale yale. Hita ikidhoofika, mara nyingi inatuambia habari za injini. Maji yakipungua, hita ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukosa, kwa sababu katika magari mengi rejeta yake ndogo imekaa juu. Tena geji ya joto inaweza kudanganya: kifaa chake kisipoguswa na maji, mshale unaweza kuonyesha injini haina tatizo huku inaungua. Hita iliyofunguliwa ikianza ghafla kupuliza hewa baridi wakati injini inafanya kazi nzito, kwa mfano kupanda Kitonga, dereva asimame mahali salama, azime injini na asubiri ipoe. Fundi aliyekata hita yetu alituondolea shahidi huyo.

KUTAFUTA TATIZO HATUA KWA HATUA

Hatua hizi hazihitaji vifaa vya gharama. Dereva na mjumbe mmoja wa kamati wanaweza kuzifanya pamoja.

1. Angalia maji injini ikiwa imepoa, ikiwezekana asubuhi kabla gari halijawashwa. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yataruka na kuunguza. Maji yakiwa yamepungua, usijaze tu na kuondoka. Tafuta yanakokwenda: mipira, klipu, pampu ya maji, rejeta yenyewe. Zulia la mbele likiwa limelowa, na kioo kina utando wa mafuta wenye harufu tamutamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.

2. Angalia geji baada ya kuendesha robo saa. Mshale ukibaki chini kabisa, huenda thamostati imekwama ikiwa wazi, au haipo. Kifaa hiki huzuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto wake. Mafundi wengi huku huitoa wakidhani wanasaidia injini isichemshe. Ukweli ni kwamba injini inayokosa moto wake hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Katika injini nyingi thamostati pia hufunga njia ya mkato; isipokuwepo, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupozwa, na gari likibeba mzigo mlimani linaweza kuchemsha. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82 au karibu na hapo, ni nyuzi ambazo inapaswa kuanza kufunguka.

3. Gusa mipira miwili ya hita injini ikiwa ya moto. Tumia kitambaa na uwe mbali na feni. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita vizuri. Nenda hatua ya 5. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, rejeta ndogo imeziba au koki ya hita haifunguki. Yote ikiwa ya baridi, maji hayafiki: angalia tena kiasi cha maji, koki na pampu, au hewa iliyonaswa ndani ya mipira.

4. Fungua njia ya maji. Koki huvutwa na waya kutoka kwenye dashibodi. Isipotumika kwa miaka, waya hushika kutu. Rejeta ndogo iliyoziba huoshwa kwa maji safi kutoka upande wa kutokea, taratibu, bila presha kubwa, mpaka yatoke meupe. Kuondoa hewa iliyonaswa, injini ikiwa imepoa, egesha gari pua ikiangalia juu kwenye mwinuko, weka hita mwisho, fungua kifuniko, washa injini na uongeze maji kadiri mapovu yanavyotoka. Funga kifuniko kabla maji hayajaanza kuchemka.

5. Angalia hewa. Feni isipozunguka kabisa, anza na fyuzi. Ikizunguka kwenye mwendo wa juu tu, rezista yake imeungua. Ikizunguka lakini hewa ni hafifu, fungua sehemu ya kuingizia hewa chini ya kioo cha mbele: gari linalolala chini ya mwembe hujaa majani pale. Majani hayo huziba pia matundu ya kutolea maji, maji yakaingia ndani na kulowesha zulia, na ukungu ukaongezeka.

6. Angalia kitasa cha hewa ya nje. Kiangazi madereva wetu hukifunga kwa sababu ya vumbi, na ni sawa. Masika ikija kinabaki hivyo hivyo, na hewa ile ile yenye pumzi za watu inazunguka ndani. Wakati wa mvua kifunguliwe. Mara nyingi hili peke yake hupunguza ukungu kwa kiasi kikubwa.

Kuhusu maji ya kuweka: kulenti si kwa ajili ya nchi za barafu tu. Kwetu inazuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Maji ya kisima chenye chumvi huacha magamba, na rejeta ndogo huwa ya kwanza kuziba.

DEREVA AFANYE NINI MVUANI

Safisha kioo kwa ndani kila wiki, maana kioo chenye vumbi na mafuta hushika ukungu haraka zaidi. Mvua ikianza, elekeza hewa kwenye kioo, weka joto mwisho, ongeza feni, ruhusu hewa ya nje, na teremsha madirisha kidogo. Kama kiyoyozi kinafanya kazi, kiwashe pamoja na hita. Kiyoyozi hukausha hewa na hita huipasha. Lakini ukungu ukiwa nje ya kioo, sababu ni kinyume: hewa baridi ya kiyoyozi imepoza kioo katika joto la bondeni. Hapo punguza baridi na utumie waipa. Ikishindikana yote, simama. Kuchelewa kufika si aibu.

TUNACHOOMBA KWA KAMATI

Kwanza, gari la usharika au la mradi likaguliwe hita na maji kabla ya masika, na tena kabla ya safari za nyanda za juu. Pili, kitu chochote kinachokatwa au kutolewa kwenye gari kiandikwe kwenye daftari, pamoja na tarehe na sababu. Kosa letu kubwa halikuwa mpira kuvuja. Lilikuwa kukubali kazi ya nusu na kuisahau. Tatu, fundi akisema kitu fulani hakina kazi huku kwetu, aulizwe kwa upole kilikuwa kinafanya kazi gani.

Kwa wafadhili wetu walioko nchi za baridi, ninyi mnaijua hita kuliko sisi. Mkiona neno hilo katika bajeti kutoka Ifakara, jueni kwamba halikuandikwa kwa makosa. Mipira miwili, klipu na thamostati ni gharama ndogo sana ukilinganisha na silinda hedi iliyopinda kwa kuchemsha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na kwa yule mjumbe aliyeuliza: asante. Hita ilirekebishwa. Ni kwa ajili ya kijana wa baiskeli, ili safari nyingine tumwone mapema.