Urea ya jua: hesabu ya hekta moja Kibakwe

Mfuko wa urea unaofika Kibakwe, wilayani Mpwapwa, umeanzia kwenye gesi asilia au makaa ya mawe ng'ambo, ukapita bandarini na kupanda lori hadi nyanda za kati. Vita vya Ukraine vilipopaisha bei, Serikali ikaja na ruzuku msimu wa 2022/2023. Malighafi kuu ya kutengenezea mbolea hiyo ni haidrojeni, nayo imejaa tele kwenye maji. Je, jua la Dodoma linaweza kuitoa humo kwa bei ya kushindana?

Naivasha, Kenya, tayari wanajaribu. Mwaka 2023 kampuni ya Talus ilifunga shambani mtambo wenye uwezo wa tani moja ya amonia kwa siku: paneli huzalisha umeme, umeme hupasua maji kutoa haidrojeni ya kuundia amonia, ambayo ndiyo mama wa urea. Njia ya pili huuruka umeme kabisa. Unga wa kichocheo hupakwa kwenye bapa lenye maji, jua likipiga mapovu ya gesi yanatoka. Chimbuko lake ni Wajapani Fujishima na Honda, waliotumia oksidi ya titani mwaka 1972. Titani si ngeni kwetu. Mchanga wa Kwale, Kenya, ulichimbwa kwa ajili yake hadi Desemba 2024, ingawa soko lake kubwa ni rangi za kupaka.

Ugumu uko kwenye punje za unga huo wa kichocheo. Mwanga hung'oa elektroni, na isipowahi kufika usoni mwa punje hurudi ilikotoka, nishati ikaishia kuwa joto. Kwa hiyo punje hutengenezwa ndogo mno, kisha hutiwa alumini kidogo kupunguza kasoro za fuwele. Wachimbaji wa rubi wa Winza, hukohuko Mpwapwa, wanajua nguvu ya kiasi kidogo: chembe za kromu tu ndizo zinazolipa jiwe wekundu wake, na bei yake.

Mwaka 2020 timu ya Kazunari Domen nchini Japani ilifanya punje za namna hiyo zitumie hadi asilimia 96 ya miali ya urujuanimno iliyozipiga. Mwaka uliofuata ikaripoti mabapa ya mita za mraba 100 iliyoyatandaza nje, juani. Ufanisi: hadi asilimia 0.76. Miali ya urujuanimno ni sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua. Mwanga tunaouona kwa macho ulipita bure.

Tuchukue hekta moja ya mabapa, na jua la kilowati-saa 5.5 kwa mita ya mraba kwa siku. Kwa ufanisi huo wa Japani utapata kilo 13 hivi za haidrojeni, sawa na mifuko miwili na nusu ya urea, bado hujalipia kiwanda wala hewa ukaa inayohitajika. Ufanisi ukifika asilimia 5, ni kilo 84, mifuko kama 17. Paneli na mtambo wa umeme hupita asilimia 10 leo hii. Mwenye fedha mkononi anunue paneli. Unga utazungumzika bapa lake likiwa rahisi mno na likidumu miaka.

Maji, ambayo Dodoma huulizwa kwanza, si kikwazo kikubwa: kilo hizo 84 hula lita 760 hivi za maji safi, halijai hata tenki la lita 1,000. Gharama inayonitia shaka ni nyingine. Haidrojeni na oksijeni hutoka kwenye bapa zikiwa zimechanganyika, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja, na kuzitenganisha hula sehemu ya nishati iliyokwisha kupatikana.