Mji wa Kale utaokolewa na wakaazi wake

Kila masika yanapoingia, watu wa Mji wa Kale wa Mombasa huanza kuangalia dari. Mgeni anayepita Ndia Kuu huangalia milango ya nakshi na roshani za mbao, akapiga picha akaenda zake. Mwenyeji anaangalia boriti iliyoanza kuoza, akijiuliza kama itafika mwisho wa mvua.

Wakati huo huo, tunalia uhaba wa nyumba. Vijana wetu wakioa huhamia Kisauni, Mikindani au Mtwapa, na nauli ya kurudi mjini kazini huwamaliza. Humu mjini kuna ghorofa zimefungwa kwa kuwa si salama, na magofu yanayoota miti. Hoja yangu ni hii: kukarabati nyumba kongwe ni kuongeza makaazi, na bajeti ya serikali yafaa ilihesabu hivyo.

Tuanze na nyumba zenyewe. Wazee walizijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyopima upana wa chumba, kiasi cha mita tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba. Ukuta wa matumbawe unapumua. Unyevu huingia na kutoka kupitia chokaa. Ukiupaka plasta ya simiti, maji hubakia ndani, chumvi ikala jiwe, na ukuta ukamomonyoka polepole huku kwa nje unaonekana mpya. Fundi wa simiti yuko kila mtaa. Wa chokaa ni wa kutafuta.

Kisha kuna sheria. Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa, na mwenye nyumba hawezi kubomoa au kuongeza ghorofa apendavyo bila idhini. Naiunga mkono kanuni hiyo; bila yake tungeshakuwa na minara ya vioo kutoka Fort Jesus hadi Kibokoni. Lakini sheria inayokukataza kubomoa haikupi pesa za kutengeneza.

Na pesa zenyewe zimekwama mahali patatu. Pa kwanza ni kodi. Sheria ya kudhibiti kodi inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni ngao kwa maskini, ila kodi hiyo haitoshi kubadilisha boriti za chumba kimoja. Pa pili ni mirathi. Nyumba ya babu yaweza kuwa na warithi ishirini, wengine wako Dubai, wengine Uingereza. Hakuna anayekubali iuzwe, wala hakuna anayetoa ya kuezeka. Pa tatu ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi, hivyo ilipaswa kuwa salama zaidi kuliko zote. Lakini kinachochumwa kisiporudishwa kwenye jengo, nayo huanguka kama nyengine.

Pesa za nyumba zipo, na ni zetu. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mwalimu anayeishi Kuze anakatwa kama mwenzake wa Nairobi. Fedha hizo zinakwenda zaidi kwenye majengo mapya. Siyapingi, kwani hata Buxton palihitaji nyumba zaidi. Ninachouliza ni kwa nini chumba kilichookolewa Mji wa Kale kisihesabiwe kama chumba kilichojengwa.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne. Mosi, sehemu ya fungu hilo itengwe kuwa mkopo wa ukarabati usio na riba, ili hata anayeogopa riba kwa dini yake aweze kuomba. Pili, warithi wasaidiwe kuitumia Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, inayoruhusu kila ghorofa kuwa na hati yake pale masharti ya ardhi yanapotimia. Tatu, wasimamizi wa wakfu watenge fungu la matengenezo kabla ya mgao wowote. Nne, magofu yajengwe upya kwa kimo cha majirani zake, na vijana wafunzwe ufundi wa chokaa na boriti katika kazi hiyo.

Kuna wanaohofu kwamba mji ukipendeza, mwenyeji atafukuzwa. Hofu hiyo ina msingi. Lamu iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na leo nyumba nyingi za Shela ni za wageni. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia mwaka 2000, na nyumba nyingi zimegeuka hoteli. Tena sifa haishikilii ukuta: Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka Desemba 2020 huku ukarabati ukiendelea, na watu wakafa.

Ndiyo maana pesa ya umma iwe na sharti. Nyumba iliyotengenezwa kwayo ibakie makaazi kwa miaka itakayokubaliwa, kodi yake isiruke ghafla, na mpangaji aliyetolewa kupisha kazi awe na haki ya kurudi.

Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makaazi ya kutosha, na mipango ya nyumba ni miongoni mwa kazi za kaunti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa ni lazima umma usikizwe. Vikao hivyo aghalabu huwa na viti vitupu. Mwaka huu wazee wa mitaa, kamati za misikiti na wapangaji waende wakiwa na orodha ya nyumba zenye nyufa, mtaa kwa mtaa, na idadi ya watu wanaolala ndani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na bei ya ukuta sote twaijua.