Kanga Nyepesi, Picha Nzito

Doti ya kanga haimlemei mtu begani; picha yake ndiyo mzigo. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hupiga picha yenye pikseli 4000 kwa 3000, na faili lake huweza kufika megabaiti 4. Muuza kanga akiipandisha ilivyo kwenye duka lake la mtandaoni, akapanga picha 20 kama hizo katika ukurasa mmoja, amemtwika mteja megabaiti 80. Kwa mtandao unaopitisha megabiti 4 kwa sekunde, picha hizo zitamaliza kushuka baada ya dakika 2 na sekunde 40. Nani atasubiri? Na mwenye bando la megabaiti 200 atakuwa amekatwa zaidi ya theluthi yake kabla hajauliza bei.

Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo haionekani. Picha zikipangwa mbilimbili kwenye kioo cha simu chenye upana wa pikseli 1080, kila moja hupata pikseli 540 tu. Zilizobaki zimesafirishwa bure, mteja akazilipia. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kupunguza vipimo vya picha kabla ya kuipandisha: upana wa pikseli 800 unatosha kwa orodha ya bidhaa, na picha kubwa zaidi ikae kando, iitwe pale tu mteja anapotaka kuichungulia nguo kwa karibu.

Dawa ya pili ni kubana. Hapa pana deni kwa Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, ambaye mwaka 1972 aliomba fedha Marekani ili atafiti njia ya kihisabati ya kubana picha. Akanyimwa. Hakukata tamaa, mwaka 1974 yeye na wenzake wawili walichapisha njia hiyo, nayo ikaja kuwa moyo wa JPEG, muundo uliosanifiwa mwaka 1992. JPEG hutupa yale ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi, hasa tofauti ndogondogo za rangi. Google ilileta WebP mwaka 2010, na kwa vipimo vyake yenyewe, faili huwa dogo kuliko la JPEG kwa asilimia 25 hadi 34, ubora ukilingana.

Lakini kanga si picha ya mawingu. Ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini, na wapo wanaonunua jina kabla ya rangi. Ukibana kupita kiasi, kingo za herufi huota ukungu. Kanga ya kisutu ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu JPEG hupunguza taarifa za rangi, na upungufu huo huonekana pale wekundu wake unapopakana na weusi. Muuzaji asiamini namba tupu, atazame. Squoosh, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari, huonyesha picha asili na iliyobanwa pamoja, pazia likiwa katikati. Wapo wanaokwepa kazi hiyo kwa kujitumia picha WhatsApp ili ipungue. Hupungua kweli, ila kiwango anachagua WhatsApp, si mwenye duka.

Je, haya yanaleta mauzo? Mwaka 2021 Vodafone ya Italia ililinganisha kurasa mbili zenye sura moja, mmoja ukiwa umerekebishwa mambo kadhaa, picha zikiwemo. Kitu kikubwa zaidi kwenye kioo kilitokea kwa kasi zaidi kwa asilimia 31, na mauzo yakapanda asilimia 8.

Limebaki jambo la fundi wa tovuti. Picha za chini zisiitwe mpaka mteja azikaribie, ila ile ya juu kabisa isicheleweshwe. Vipimo vya kila picha viandikwe pia, ili kivinjari kiitengee nafasi mapema. Bila hivyo ukurasa huruka picha inapoingia, na kidole kilichokuwa kinakwenda kwenye kisutu kikabonyeza kitenge.