Lenzi ya zamani haitaki mafuta mengi

Lenzi ya Helios 44-2 iliyokaa kabatini miaka mingi huwa na ugonjwa mmoja maarufu: pete ya kufokasi inagoma. Ukiilazimisha, inasogea kwa kukwamakwama. Na kwa kuwa lenzi hii hufungwa kwenye kamera kwa kuzungushwa kama bolti, wakati mwingine inaanza kufunguka kwenye kamera kabla pete yenyewe haijasogea hata kidogo.

Kioo chake, mara nyingi, hakina tatizo lolote. Mchoro wake unatokana na Biotar ya milimita 58, lenzi ya kampuni ya Carl Zeiss ya mji wa Jena, Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka 1945, Wasovieti walichukua ujuzi na mitambo ya huko, wakaanza kutengeneza ya kwao Krasnogorsk, karibu na Moscow. Ilifungwa kwenye kamera za Zenit, na Zenit-E peke yake ilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Ndiyo maana Helios bado zimejaa sokoni kwa bei nafuu, na vijana wenye kamera za kidijiti wanazifunga kwa adapta ili wapate ule ukungu wa nyuma unaozunguka kama kimbunga.

Kinachokufa ni grisi. Ndani ya pete kuna mirija ya chuma iliyochongwa nyuzi, mmoja ukiingia ndani ya mwingine. Ukizungusha pete, vioo vinasogea mbele au nyuma. Grisi inayokaa kati ya nyuzi hizo ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni ya metali, mara nyingi ya lithiamu. Miaka ikipita, na joto likiongezeka, mafuta huachana na sabuni. Mafuta yanatambaa kwenda yanakotaka, sabuni inabaki kwenye nyuzi ikiwa imeganda. Kwa hiyo lenzi moja inaweza kuwa kavu kwenye pete na wakati huohuo imelowa mafuta kwenye vibamba vya tundu la mwanga. Anayeacha kamera ndani ya gari juani anaharakisha mambo.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua kopo la WD-40 na kupuliza kwenye ufa wa pete. Dawa hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma. Ni nyepesi mno. Inalainisha grisi kuukuu kwa muda, pete inazunguka vizuri, mwenye lenzi anafurahi. Kisha uchafu wote ule unateremka hadi kwenye vibamba na kwenye vioo. Mafuta ya cherehani nayo ni yaleyale.

Watu wanadhani kazi ya grisi hii ni kuteleza tu. Kwa lenzi, nusu ya kazi yake ni kuzuia. Mpiga picha anataka pete iwe nzito kiasi, isimame pale alipoiacha na isiruke akiigusa. Ndiyo maana mafundi wa lenzi hununua grisi maalumu, nzito na yenye kunata, wala hawachoti ile ya bearingi za gari.

Kazi yenyewe inataka subira kuliko nguvu. Mirija ile ikifunguliwa, ni lazima ukwaruze alama mahali hasa inapoachana. Nyuzi zake zina milango kadhaa ya kuingilia, na mirija itakubali kuingia kwa mlango wowote. Ukikosea mlango, pete itazunguka bila taabu lakini mlima wa mbali hautaonekana vizuri tena, na itabidi ufungue upya. Grisi ya zamani husafishwa kwa mswaki na petroli nyepesi ya viberiti hadi chuma king'ae. Asetoni inasafisha haraka zaidi, ila inaondoka na rangi za tarakimu. Halafu unapaka grisi mpya kiasi cha kuziona nyuzi kupitia utando wake. Ikijaa mitaro, umezidisha, na ziada itaishia kwenye vibamba.

Lakini mafuta kwenye vibamba si msiba kwa kila lenzi. Helios 44-2 hufungwa tundu lake kwa mkono, haina springi, kwa hiyo vibamba vilivyolowa vinaendelea kufanya kazi. Kwa lenzi za springi, kama Super-Takumar za Japani, mafuta hayohayo yanachelewesha vibamba, na picha zinatoka na mwanga kupita kiasi. Muuzaji anayekupunguzia bei ya Helios kwa sababu hiyo anakupa zawadi. Wa Takumar anakuuzia kazi.

Watengenezaji wa filamu wenye fedha wamekwepa shida yote hii. Lenzi za Kisovieti zilizotumika kupiga Dune: Part Two ya 2024 zilikuwa zimehamishiwa kwenye maganda mapya yenye mitambo mipya ya kufokasi, kilichobaki cha zamani ni vioo.

Wewe usiye na bajeti hiyo, kabla ya kununua zungusha pete mwanzo hadi mwisho mara kadhaa. Ikiwa nzito lakini inakwenda sawasawa, iache ilivyo, wala usiifungue. Ikikwaruza kama ina mchanga, mpelekee fundi anayefungua lenzi, na umuulize kwanza anatumia grisi gani. Akikuonyesha kopo la kupuliza, chukua lenzi yako uondoke.