Kaunti ya Cherry: Nchi ya Mchanga, Nyasi na Watu Wachache

Katika mfumo wa utawala wa Marekani, kaunti ni ngazi iliyo chini ya jimbo, kwa kawaida yenye sherifu wake, mahakama yake, daftari lake la ardhi na baraza linalochaguliwa na wananchi. Jimbo la Nebraska, lililo katikati ya nchi hiyo, lina kaunti 93, na iliyo kubwa kuliko zote ni Cherry, inayopakana na jimbo la South Dakota upande wa kaskazini. Eneo lake la takriban kilomita za mraba 15,560 linalizidi jimbo zima la Connecticut, lakini sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 5,455 tu, ilhali Connecticut ilikuwa na zaidi ya milioni 3.6. Chanzo cha tofauti hiyo kimo ardhini, na anayetaka kufahamu kwa nini wakazi wa Cherry ni wachache hana budi kuanza na mchanga wanaoukanyaga.

Mchanga uliovikwa nyasi

Sehemu kubwa ya kaunti hiyo imo katika nyanda za Sandhills, eneo la kilomita za mraba zipatazo 50,000 ambalo lina mkusanyiko mkubwa kuliko yote wa matuta ya mchanga katika mabara ya Amerika. Matuta hayo yalirundikwa na upepo katika vipindi vya ukame mkali vya maelfu ya miaka iliyopita, na baadhi yake yana kimo kinachozidi mita 100. Leo yametulia kwa sababu yamefunikwa na nyasi ambazo mizizi yake imeufunga mchanga. Nyasi hizo zikikatika mahali pamoja, iwe kwa kwato za ng'ombe au kwa magurudumu ya gari, upepo huanza kuchimba shimo ambalo hupanuka mwaka hadi mwaka, na kwa hiyo wafugaji hulizungushia uzio au kulitandazia majani makavu na hata matairi yaliyochakaa, mpaka nyasi zitakapoota tena.

Mchanga huohuo ndio unaoifanya nchi hiyo kuwa na maji mengi kuliko inavyodhaniwa. Mvua na theluji haziteremki kwenye miteremko na kupotea, bali hunywewa na ardhi na kuzama hadi kwenye hazina ya Ogallala, yaani tabaka pana la mchanga, changarawe na miamba iliyoshiba maji, ambalo limeenea chini ya majimbo manane. Mabondeni, mahali ambapo uso wa ardhi unakutana na kina cha maji hayo, huonekana maziwa madogo na vinamasi kwa mamia. Mito nayo, kama vile Niobrara, Snake na North Loup, hulishwa na chemchemi, na kwa sababu hiyo hutiririka mwaka mzima bila kupungua sana hata mvua inapokawia. Katika bonde la Niobrara, misonobari ya magharibi huota jirani na miti ya mashariki inayopukutisha majani, na maporomoko ya Smith Falls, yenye kimo cha takriban mita 19, ndiyo marefu kuliko yote katika jimbo hilo. Mwaka 1991 Bunge la Marekani liliiweka sehemu ya mto huo yenye urefu wa kilomita zipatazo 122 chini ya ulinzi wa kitaifa.

Sheria ya ekari 640

Kabla ya walowezi kufika, nchi hiyo ilikuwa eneo la kuwindia la watu wa asili, wakiwamo Wapawnee na Walakota, waliowafuata nyati wa Amerika kwenye nyasi hizo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Walakota walilazimishwa kuishi katika maeneo yaliyotengwa ya Rosebud na Pine Ridge, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, na mwaka 1880 jeshi lilijenga ngome ya Fort Niobrara karibu nao. Kaunti iliundwa mwaka 1883, wakati reli ilipokuwa ikiingia, ikapewa jina la Samuel Cherry, afisa wa jeshi aliyeuawa mwaka 1881.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kuishi na kulima hapo kwa miaka mitano. Kipimo hicho kilitosha mashariki, kwenye udongo mzito unaofaa mahindi, lakini katika Sandhills shamba lililolimwa lilipeperushwa. Mwaka 1904 mbunge Moses Kinkaid alifanikisha sheria mpya iliyotoa ekari 640 kwa kila mlowezi katika sehemu ya magharibi ya Nebraska. Familia nyingi zilimiminika, zikajenga nyumba kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake, kwa kuwa mbao zilikuwa adimu, na wakazi wa Cherry wakaongezeka kutoka 6,541 mwaka 1900 hadi 11,753 mwaka 1920.

Miongoni mwa waliokuja walikuwamo Wamarekani Weusi, ambao baadhi yao walitoka katika familia zilizowahi kukimbilia Kanada kuukwepa utumwa. Kuanzia mwaka 1907 walichukua ardhi kando ya mto North Loup na kuanzisha kijiji cha DeWitty, kilichokuwa na shule, kanisa na posta, na ambacho kilidumu kuliko makazi mengine ya mashambani ya watu Weusi katika Nebraska. Walikabiliwa na mchanga uleule uliowakabili jirani zao, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 karibu wote walikuwa wameondoka.

Sababu ya kuondoka kwao, kama ilivyokuwa kwa maelfu wengine, inaonekana katika hesabu rahisi. Ng'ombe mmoja na ndama wake huhitaji takriban ekari 15 hadi 20 za malisho kwa mwaka, kwa hiyo ekari 640 hazikuweza kulisha hata ng'ombe 45, idadi isiyotosha kuitunza familia. Waliochoka waliwauzia jirani zao, ranchi zikapanuka hadi kufikia maelfu ya ekari, na matrekta yakachukua nafasi ya vibarua waliokuwa wakikata na kurundika majani ya kulishia mifugo wakati wa baridi. Nyasi zilisalia, ng'ombe wakasitawi hata Cherry ikawa miongoni mwa kaunti za mbele nchini kwa ufugaji wa ng'ombe wa nyama, lakini watu wakapungua hadi chini ya nusu ya wale wa mwaka 1920.

Kuishi kwa umbali

Kwa wastani, kila mkazi wa Cherry ana karibu kilomita tatu za mraba peke yake. Wastani huo, hata hivyo, huficha jambo moja: watu 2,633, yaani karibu nusu ya wote, wanaishi katika mji wa Valentine, makao makuu ya kaunti, na waliobaki wametawanyika katika ranchi na vijiji vidogo. Kaunti ni pana kiasi kwamba upande wake wa mashariki na wa magharibi hufuata saa tofauti, na anayetoka Valentine kwenda magharibi hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja kabla hajavuka mpaka wa kaunti.

Idadi inaposhuka hivyo, linalohatarishwa kwanza ni huduma, kwa sababu shule haiwezi kudumu bila watoto wala duka bila wanunuzi. Kijiji cha Cody, chenye wakazi wasiofika 200, kilikuwa kimekosa duka la vyakula, na wenyeji walijenga jipya kwa marobota ya majani makavu yaliyopigwa lipu. Tangu mwaka 2013 duka hilo, liitwalo Circle C Market, limeendeshwa na wanafunzi wa shule ya hapo, ambao hupanga bidhaa, hupokea fedha na kujifunza utunzaji wa hesabu. Katika nchi ambayo nyasi zimeutuliza mchanga na kuwanenepesha ng'ombe, majani makavu yamegeuzwa kuta za duka, ili mama wa Cody anayehitaji maziwa na mkate asilazimike kusafiri makumi ya kilomita.